Waacheni wanafunzi waione DNA kwa macho yao

Ukitaja neno DNA katika mji wowote wa Kenya, mtu wa kawaida atakumbuka mambo mawili. La kwanza ni kesi za kortini za kumtafuta baba wa mtoto. La pili ni mahindi ya GMO na ule mvutano wa miaka kumi, tangu Baraza la Mawaziri lilipopiga marufuku vyakula hivyo mnamo Novemba 2012 hadi marufuku ilipoondolewa Oktoba 2022, na kesi zilizofuata baada ya hapo. Ni nadra kumpata mtu atakayekuambia kwamba DNA ni kitu ambacho mwanafunzi wa sekondari anaweza kukiingiza ndani ya kiumbe hai kwa mikono yake mwenyewe, na kesho yake akaona matokeo.

Wiki hii nataka kulitetea jambo hilo hasa. Nasema wanafunzi wetu wapewe nafasi ya kufanya jaribio la kuingiza DNA ngeni ndani ya bakteria, wakiwa chini ya mwalimu aliyefunzwa na kwa kibali cha sheria. Nasema hivyo nikiwa daktari wa kawaida, wala si mtafiti, na sababu yangu kubwa haihusu mitihani. Inahusu dawa zinazokataa kufanya kazi, na wagonjwa wanaokataa dawa zinazofanya kazi.

Natibia watu hapa Mackinnon Road. Wewe msomaji wa Nairobi au Mombasa bila shaka umepita hapa mara nyingi na huenda hujawahi kushuka, ila labda kuzuru kaburi la Seyyid Baghali pale kando ya reli. Tuko katika Kaunti ya Kwale, lakini si Kwale ile ya fuo za Diani. Huku ni nyika ya Taru: jua kali, maji ya shida, malori usiku na mchana. Wagonjwa wangu ni wafugaji wa Kiduruma, Wakamba na Wataita waliohamia, madereva wa masafa marefu na akina mama wa vibanda vya chakula. Wengi wao, kabla ya kufika kwangu, huwa wamekwisha kupitia dukani wakanunua vidonge vinne vinne vya ampisilini au amoksilini, wakameza mpaka nafuu ya kwanza, kisha vilivyobaki wakavifunga katika kitambaa kwa ajili ya siku nyingine. Wapo pia wanaofungua kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda.

Ninapowauliza ni kwa nini wanadhani dawa imekataa, jibu huwa moja. "Daktari, mwili umeizoea." Jibu hilo nimelisikia kwa mzee asiyejua kusoma na nimelisikia kwa karani mwenye diploma. Wote wawili wamekosea kwa namna moja. Mwili hauzoei ampisilini. Walioshinda ni bakteria, na namna walivyoshinda inaweza kuonyeshwa darasani katika muda wa siku mbili.

Hebu nilieleze jaribio lenyewe, kwa maana mtu huogopa zaidi jambo asilolijua. Mwalimu huwa na bakteria wa aina ya E. coli. Jina hilo huwatisha watu kwa sababu hulisikia katika habari za maji machafu na nyama mbovu. Lakini E. coli ni ukoo mkubwa, na wengi wa ukoo huo wanaishi matumboni mwetu bila kutudhuru. Wale wa kufundishia ni wa kizazi kiitwacho K-12, kilichopatikana kutoka kwa mgonjwa mmoja huko California, Marekani, mwaka wa 1922. Wamefugwa maabarani zaidi ya miaka mia moja hata wamesahau maisha ya tumboni. Ni kama kuku wa gredi: ukimwachia porini atafute riziki yake, hamalizi wiki.

Kitu cha pili ni plazimidi. Hii ni DNA ndogo iliyojikunja duara mfano wa bangili, ambayo bakteria huibeba kando ya DNA yake kuu. Bakteria wa asili wanazo plazimidi nyingi za namna hiyo, hatukuzibuni sisi. Ile ya kufundishia huwa imewekewa jeni mbili muhimu. Moja humwezesha bakteria kuivunjavunja ampisilini. Ya pili ilitoka kwa konyeza, yule kiumbe wa bahari mwenye kuwasha ambaye baadhi ya wavuvi humwita yavuyavu. Konyeza huyu wa bahari ya Pasifiki ana protini inayong'aa kijani. Osamu Shimomura ndiye aliyeitenga protini hiyo mwaka wa 1962, na mwaka wa 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kwamba jeni yake ikitiwa ndani ya bakteria, bakteria naye hung'aa. Wawili hao, pamoja na Roger Tsien, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2008.

Sasa tazama kazi ya mwanafunzi. Huwatia bakteria katika kichupa chenye maji ya chumvi ya kalisi, akatia na plazimidi, kisha akakizika kichupa hicho katika barafu kwa dakika kumi. Baadaye hukichomoa kwa ghafla na kukitumbukiza katika maji ya digrii 42, yaani joto linalozidi kidogo lile la mgonjwa aliyelemewa na homa kali, kwa sekunde hamsini tu. Halafu hukirudisha katika barafu. Chumvi ile na mshtuko wa joto huifanya ngozi ya bakteria ipitishe DNA ambayo kwa kawaida isingepita. Ni wachache mno wanaoipokea, labda mmoja kati ya maelfu mengi. Lakini katika tone moja mna mamilioni, kwa hivyo hao wachache wanatosha.

Baada ya hapo humwagwa juu ya visahani vinne vya chakula kilichogandishwa kwa aga, unga unaotokana na mwani. (Si mwani ule unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, bali ni wa ukoo mmoja nao.) Huachwa penye joto mpaka kesho yake. Hapa kwetu joto si la kutafutwa.

Kesho yake ndipo penye somo. Kisahani cha kwanza, chenye bakteria wasiopewa plazimidi na kisicho na dawa, huwa kimejaa utando mweupe kama uji uliopoa. Kisahani cha pili, cha bakteria hao hao lakini chenye ampisilini, huwa ni kitupu kabisa. Dawa imeua wote. Kisahani cha tatu kina ampisilini vile vile, ila kimemwagiwa bakteria waliopewa plazimidi: hapo mwanafunzi huona vidoto vichache vimetapakaa, na kila kidoto ni uzao wa bakteria mmoja aliyeipokea ile bangili. Kisahani cha nne ni kama cha tatu, kimeongezewa tu sukari maalumu inayoiwasha ile jeni ya konyeza. Ukizima taa za chumba na kukimulika kwa taa ya urujuanimno, mfano wa zile zinazotumiwa na makeshia kukagulia noti bandia, vidoto vyote vinang'aa kijani.

Watoto hushangilia kile kisahani cha nne, na haki yao. Mimi ningewaomba wakitazame zaidi kile cha tatu. Kinasema kila kitu ambacho huwa najaribu kumweleza mgonjwa kwa dakika tano huku foleni ikisubiri nje. Ampisilini haikumfundisha bakteria yeyote ukaidi. Iliwaua wasiokuwa na plazimidi na kuwaachia uwanja wale waliokuwa nayo. Wasingekuwa na dawa ile, wenye plazimidi wangebaki wachache waliopotea kati ya mamilioni ya wenzao. Dawa ndiyo iliyowapa shamba zima.

Yanayotendeka katika kisahani hutendeka pia matumboni mwetu, vyooni, katika mifereji ya maji taka, katika mabanda ya kuku na katika wodi za hospitali, na hakuna mwalimu anayesimamia. Tofauti ni kwamba huko bakteria hawahitaji barafu wala maji ya moto. Wanazo njia zao za kupeana plazimidi mwili kwa mwili, hata kama si wa kabila moja. Wajapani waliligundua jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1950 walipokuwa wakipambana na kuhara damu. Waliona kuwa kijidudu cha Shigella, chanzo cha ugonjwa huo, kimepata usugu wa dawa kadhaa kwa mpigo mmoja, na kwamba usugu huo unaweza kuhamishwa kati yake na E. coli wa tumboni. Huku kwetu, kuhara damu kulipofuata kipindupindu katika kambi za wakimbizi wa Rwanda huko Goma mwaka wa 1994, Shigella aliyekuwako alikuwa sugu kwa dawa nyingi za kawaida. Na mwaka wa 2011 watafiti waliripoti kwamba katika hospitali moja ya Nairobi walipatikana bakteria wa Klebsiella wenye jeni iitwayo NDM-1, ambayo huzivunja hata zile dawa za sindano tunazozitunza kwa ajili ya mgonjwa aliye mahututi. Sampuli hizo zilikuwa za kati ya miaka ya 2007 na 2009. Jeni hiyo husafiri ndani ya plazimidi.

Nina mgonjwa mmoja, mama wa kibanda cha chai, aliyekuja na maumivu ya njia ya mkojo baada ya kumeza dawa za dukani mara tatu katika miezi minne. Mkojo wake ulipopelekwa kuoteshwa Mombasa, alipatikana E. coli asiyesikia ampisilini wala dawa nyingine mbili ambazo mimi ningempa bila kufikiri. Ile tuliyoipata ya kumtibu ilikuwa ya sindano na iligharimu faida ya kibanda chake kwa wiki kadhaa. Mama huyu alipona. Alinisikiliza kwa adabu nilipomweleza habari za plazimidi, akaniitikia "ndiyo daktari" kila baada ya sentensi, nami nikajua kwamba hakuelewa hata chembe. Lakini mwanawe wa kidato cha tatu alikuwa ameketi kando yake. Laiti kijana yule angekuwa amekwisha kukiona kile kisahani cha tatu shuleni, angemweleza mamake kwa Kiduruma, jikoni, kwa muda wake, vizuri kuliko mimi.

Takwimu za dunia zinajulikana. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kusini mwa Sahara ndiko mzigo ulikokuwa mkubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Serikali yetu ilitoa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka wa 2017, na mabango yakabandikwa. Bango si kitu kibaya. Ila mtu aliyeona kwa macho hahitaji bango.

Upande wa pili wa shauri langu ni wale wagonjwa wanaoogopa dawa njema. Mtu mwenye kisukari cha kuhitaji insulini akinyimwa insulini hufa. Ndivyo walivyokuwa wakifa watoto wote wenye ugonjwa huo kabla ya Frederick Banting na Charles Best kuipata dawa hiyo huko Toronto, Canada, mwaka wa 1921. Kwa miaka sitini iliyofuata, insulini ilikamuliwa kutoka kwa kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Huku pwani, ambako wagonjwa wetu wengi ni Waislamu, utaelewa mara moja tatizo lilikuwa wapi. Mpaka leo wazee huniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, hii sindano haina nguruwe?"

Jibu ni kwamba insulini ninayowapa haikutoka kwa mnyama. Mwaka wa 1978 wanasayansi wa California waliitengeneza jeni ya insulini ya binadamu, wakaiweka katika plazimidi na kuiingiza ndani ya E. coli, na mwaka wa 1982 dawa hiyo ikaidhinishwa kuuzwa Marekani. Ni jaribio lile lile la barafu na maji ya moto. Badala ya jeni ya konyeza imewekwa jeni ya mtu. Bakteria huyatimiza maagizo aliyopewa bila kuuliza, na katika mapipa makubwa ya kiwanda wanatengeneza insulini iliyo sawa na ile ya mwilini mwako. Viwanda vingine hutumia hamira badala ya bakteria. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, iliyomo katika sindano anazopigwa mtoto wa Kenya akiwa na wiki 6, 10 na 14, nayo hupatikana kwa hamira iliyotiwa jeni ya kirusi.

Lakini nikimweleza mzee hayo, naye amekwisha kusikia redioni kwamba vitu vya GMO vinaleta saratani, nakuwa nimemtoa katika hofu ya nguruwe na kumtumbukiza katika hofu nyingine. Yupo mmoja aliyeacha sindano kwa siku tisa kwa sababu hiyo. Aliletwa akiwa amelazwa nyuma ya pikapu, anahema kama mkimbiaji, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyooza, dalili tunayoijua sisi madaktari kwamba damu imejaa sumu ya asidi. Tulimwahi. Hofu ile ilikuwa na chanzo chake. Marufuku ya 2012 ilitangazwa wiki chache tu baada ya kuchapishwa kwa utafiti wa Kifaransa uliodai kuwa panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe, na mwaka mmoja baadaye, Novemba 2013, jarida lililouchapisha likaufuta. Ulichapishwa tena kwingine mwaka wa 2014, lakini wanasayansi wengi hawakushawishika. Habari ya panya ilifika Mackinnon Road haraka sana. Ile ya kufutwa bado iko njiani.

Sisemi mwananchi ameze kila kitu kinachoitwa sayansi. Mtu anaweza kuwa na hoja nzuri kuhusu mbegu, bei yake na anayeimiliki, nami ninazo zangu. Ninachosema ni kwamba mtu aliyewahi kuingiza jeni ndani ya bakteria mwenyewe atabishana kuhusu mambo yaliyopo, wala hatachanganya mbegu ya mahindi na chupa ya insulini.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Kuna watakaosema kwamba huku ni kuichezea kazi ya Mungu. Nawaheshimu, na kati yao wamo viongozi wa dini ambao ni marafiki zangu. Nawakumbusha tu kwamba bakteria walikuwa wakibadilishana DNA kabla ya sisi kuwako. Frederick Griffith, daktari Mwingereza, aliliona jambo hili mwaka wa 1928 alipokuwa akichunguza bakteria wa nimonia. Aliwachanganya bakteria wapole walio hai na wakali waliokwisha kuuawa kwa joto, akawadunga panya, na panya wakafa. Wale wapole walikuwa wameokota kitu kutoka kwa maiti za wenzao wakageuka wakali. Mwaka wa 1944 Oswald Avery na wenzake wawili wa New York wakathibitisha kwamba kitu hicho ni DNA. Hivyo sayansi yote hii ilianzia katika ugonjwa wa nimonia ambao hadi sasa unaua watoto wetu.

Hoja ya hatari ina uzito zaidi. Hata wanasayansi wenyewe waliogopa. Baada ya Stanley Cohen na Herbert Boyer kuonyesha mwaka wa 1973 namna ya kuunganisha DNA na kuiingiza ndani ya bakteria, wenzao walisimamisha kwa hiari baadhi ya majaribio na mwaka wa 1975 wakakutana Asilomar, California, kuweka masharti. Masharti hayo ndiyo babu wa sheria zetu. Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka wa 2009 na kanuni za 2011 kuhusu kazi za ndani ya maabara, na kuna mamlaka ya kitaifa ya kuzisimamia. Ilipopitishwa, sheria hiyo iliweka faini inayoweza kufika shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka isiyozidi kumi. Mwalimu mkuu yeyote mwenye akili timamu akisoma kifungu hicho atafunga kabati la maabara na kuuficha ufunguo.

Hapa ndipo nisipokubaliana na hali ilivyo. Sheria iliyoandikwa kwa kumfikiria mtafiti na kampuni ya mbegu haifai kumkabili mwalimu wa baiolojia kwa uso ule ule. Kibali kiwepo, ndiyo. Lakini kuwe na kibali chepesi cha kufundishia, kwa orodha fupi ya bakteria dhaifu na plazimidi zinazojulikana, chenye fomu ambayo mwalimu anaweza kuijaza jioni moja. Na masharti yawe ya kweli: visahani vyote vichemshwe katika sufuria ya presha au viloweshwe katika dawa ya klorini kabla ya kutupwa, kwa sababu hatutaki bakteria wenye jeni ya kuvunja ampisilini waongezwe katika mifereji yetu, hata wakiwa dhaifu, mikono ioshwe, chakula kisiingie maabarani, na mwanafunzi mwenye mzio wa penisilini asiishike ile dawa kabisa. Hili la mwisho walimu wengi hawalifikirii. Daktari hulifikiria la kwanza.

Inabaki hoja ya umaskini, nayo ndiyo inayonisumbua. Shule za huku juu zina ndoo za maji zilizohesabiwa. Nani atazungumza habari za plazimidi katika maabara isiyo na mfereji? Nilipokuwa kidato cha nne miaka ya tisini, DNA ilikuwa mchoro ubaoni, ngazi iliyosokotwa, tukaichora, tukapita mtihani, na hatukuiona mpaka chuo kikuu. Wenzetu wengi ambao hawakufika chuo kikuu hawakuiona kamwe. Sidai kila shule inunue boksi la vifaa kutoka ng'ambo. Nadai kaunti iwe na kituo kimoja chenye friji, umeme wa akiba na mtaalamu mmoja, na basi la shule lizunguke kwa zamu: Samburu na Taru wiki hii, Kinango wiki ijayo, kisha Msambweni na Ukunda. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kina watu wanaoifanya kazi hii kila siku. Wakiombwa kufundisha walimu ishirini wakati wa likizo, sidhani watakataa. Mtaala wa umilisi umetenga njia nzima ya sayansi na teknolojia katika sekondari ya juu, na wazazi wameambiwa watoto wao watajifunza kwa kutenda. Basi watende.

Nimewahi kuambiwa na ofisa mmoja wa elimu, ambaye simtaji, kwamba majaribio kama haya ni ya "shule kubwa kubwa" za mijini. Nilimuuliza ni wapi ampisilini inauzwa kama njugu, ni katika shule hizo kubwa au ni hapa barabarani. Alinywa chai yake.

Ewe mzazi unayesoma ukurasa huu, una haki ya kumuuliza mwalimu wa baiolojia wa mwanao swali moja: je, mwaka huu watoto wataiona DNA au wataichora tu? Akikujibu kuwa vifaa hakuna, mwambie kuna hatua ya kwanza isiyohitaji kibali cha mtu yeyote, na hata wewe unaweza kuifanya nyumbani na watoto Jumamosi. Chukua nusu ya ndizi iliyoiva, iponde katika bakuli mpaka iwe uji. Katika nusu kikombe cha maji tia kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo, koroga taratibu bila kufanya povu, changanya na ile ndizi na uache kwa dakika kumi. Chuja kwa kitambaa safi au kichujio cha chai. Kisha mimina spiriti ya kusafishia vidonda, iliyolala katika friji usiku kucha, polepole kwenye ukingo wa gilasi ili ielee juu. Usiikoroge, na usiwe karibu na jiko linalowaka. Baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe zikipanda, mfano wa ute wa bamia. Mpe mtoto kijiti cha meno azizungushe na kuzinyanyua.

Hizo ndizo.